Kibanda cha vitabu vya mitumba, Mwembe Tayari: kwa mtu anayesimulia ngano upya

Kama unaandika ngano za kusimuliwa upya na uko Mombasa, pita kwenye kibanda hiki kabla hujaagiza kitabu chochote kutoka ng'ambo. Hakina bango wala jina. Kiko Mwembe Tayari, upande wa wauza viatu na mikoba, na utakitambua kwa turubai la buluu na meza mbili ndefu zilizojaa vitabu vilivyosimamishwa migongo juu. Mwenyewe ni mtu mzima ambaye kila mtu humwita Ami. Hufungua saa tatu asubuhi na kufunga magharibi ikikaribia. Ijumaa usiende kati ya saa sita na saa nane, hutamkuta.

Bei zake ni za haki. Vijitabu vyembamba vya shule ni shilingi 50, vitabu vya hadithi vya kawaida 100 hadi 250, na vile vizito vyenye picha hufika 400. Hapandishi bei kwa kuona umekishika kitabu kwa mikono miwili. M-Pesa anapokea.

Mimi nina miaka 22 na kazi yangu ni hiyo ya ngano: nachukua kisa ambacho watu wamekizoea, nakihamishia pwani yetu, au nakiacha palepale kilipozaliwa lakini nakitoa kinywani mwa mtu mwingine. Wanaonisoma huniuliza ilhamu naipata wapi. Kwanza ni kwa nyanya yangu wa Kisauni, ambaye hakuanza hadithi hata siku moja bila paukwa na pakawa, kisha kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa. Pili ni meza za Ami, na hizi ndizo ninazoweza kumwelekeza mtu mwingine.

Kinachokifanya kibanda hiki kimfae mtu wa kazi yangu ni mpangilio wake. Maduka ya vitabu mjini hupanga kwa madarasa, na baada ya vitabu vya kiada na vile vya lazima vya sekondari, nafasi imekwisha. Ami hupanga kwa kisa. Paka mwenye viatu akija kwa Kiingereza, akija kwa Kijerumani katika kitabu kilichoachwa na mtalii, akija kwa Kiswahili ndani ya kitabu cha darasa la tano, wote hulazwa pamoja na kufungwa uzi wa katani. Nilimuuliza kwa nini hujitaabisha hivyo. Akanijibu, "Binti yangu, anayetaka mmoja nampa na nduguye. Namuuzia viwili."

Anafanya biashara, lakini kwangu mimi bunda la namna hiyo lina thamani kubwa kuliko kitabu kimoja kipya chenye jalada linalong'aa. Mtu hawezi kusimulia kisa upya vizuri ikiwa anakijua kwa sura moja tu. Ataishia kubadilisha majina na mavazi: binti wa mfalme atavaa leso, kasri litaitwa jumba la Kibokoni, na kisa kitabaki kilekile. Ukiwa na sura mbili tatu mbele yako unaona wapi wasimuliaji wa zamani walikubaliana na wapi kila mmoja alijiamulia. Pale walipojiamulia wao, na wewe una ruhusa.

Bunda lililonifaa kuliko yote lilikuwa na vitu viwili. Kimoja ni ngano za Charles Perrault, Mfaransa aliyezichapisha mwaka 1697, kwa tafsiri ya Kiingereza. Cha pili ni fotokopi ya *Swahili Tales* ya Edward Steere, iliyotoka London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Steere alikuwa mmishenari Unguja, baadaye akawa askofu, na hadithi hizo alisimuliwa na watu wa Unguja wenyewe. Ndani yake mna kisa cha Sultani Darai.

Nyanya alitusimulia kisa hicho tangu tuko wadogo. Maskini anayepekuapekua jaani anaokota thumuni, ananunua paa, na paa anasema. Paa anakwenda malishoni, anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine na kumwambia, "Bwana wangu Sultani Darai anakusalimu, anataka kumwoa binti yako." Bwana mwenyewe hana nguo. Paa anampiga, anamwacha mtoni, anakwenda kusema kwamba bwana wake ameporwa na wezi, na nguo za kifalme zinaletwa. Kisha paa anamuua nyoka wa vichwa saba na kumchukulia nyumba yake, ili bwana awe na mahali pa kumweka mke. Kwa nyanya, hadithi ilikwisha hapo, harusini, kwa vigelegele.

Yeyote anayemjua paka mwenye viatu wa Perrault ataona kwamba njia ni moja: mnyama mwerevu, bwana fukara, hila ya nguo mtoni, zimwi linalouawa ili nyumba yake ichukuliwe. Lakini paka wa Perrault humaliza akiwa mtukufu mkubwa, na panya huwakimbiza kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja huugua. Humo ndani mwa nyumba mna kizee aliyekuwa akikaa na yule nyoka, na paa anamtuma kwa bwana amwambie kwamba hajiwezi. Bwana anajibu apewe uji wa mtama, kwani si mnyama wa kununuliwa kwa thumuni? Kizee anarudi na jibu. Anatumwa tena, anarudi tena. Paa anakufa, bwana anaamuru atupwe kisimani, na mwisho wa yote maskini anazinduka akiwa juu ya lile jaa lake, na mke anazinduka kwao kwa baba yake.

Niliusoma mwisho huo nimesimama pale pale mezani kwa Ami, watu wananipita na mifuko yao, nikashindwa kuondoka. Sikuwa najua kwamba ngano yetu iliruhusu jambo gumu kiasi hicho. Msimuliaji wa Ufaransa alimlipa mnyama. Msimuliaji wa Unguja alitaka tuone mtu akisahau fadhila chumba hadi chumba, jibu hadi jibu, na akampa kizee kazi ya kuyabeba majibu hayo.

Yule kizee ndiye aliyeniandikisha. Paa ana maneno yake, bwana ana yake, mke ana huruma yake kwa siri. Kizee ana miguu tu. Anatoka kwa mgonjwa hadi kwa tajiri na kurudi, na kila akirudi amebeba neno ambalo yeye hakulisema lakini lazima litoke kinywani mwake. Niliandika kisa chote kwa sauti yake. Anajua uji utakuwa wa mtama kabla hajafika mlangoni, na njiani, ukumbini, ana nafasi ya kuamua kama atalisema neno la bwana kama lilivyo au atalilainisha. Sura yangu nzima ya tatu iko ndani ya huo ukumbi.

Tangu siku hiyo nikifungua bunda lolote la Ami namtafuta aliyetumwa. Na wako wengi. Chukua shujaa Fumo Liongo, ambaye kila mtoto wa pwani anajua kwamba silaha haikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Tunamkumbuka yeye, tunamkumbuka mwana aliyemsaliti, tunamkumbuka mama aliyekwenda kumbembeleza kwa nyimbo alipokuwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakidhani yu hai na wakiogopa kuteka maji. Lakini alipokuwa gerezani, aliyempelekea tupa ya kukatia minyororo ni kijakazi. Tupa ilikuwa ndani ya mkate wa wishwa. Mikate mizuri walinzi waliichukua wakala, wa wishwa wakamwachia mfungwa, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kisha ngoma ikapigwa kwa nyimbo zake mwenyewe, na mlio wa tupa ukamezwa na ngoma.

Sasa fikiria yule msichana amesimama mlangoni, walinzi wanapekua kikapu, nao wanaugeuza ule mkate mkononi wakiona ni chakula cha mtu asiye na thamani. Ni yeye pekee mahali pale anayejua. Siandiki Liongo mwingine, tunao wa kutosha. Ninaandika huo mlango.

Na pindi nikihitaji kumwona mtu aliyetumwa, sihitaji kwenda mbali. Nikitoka kwa Ami nateremka hadi Marikiti na kusimama karibu na wauza bizari. Mahamali wanapita na mikokoteni, kila mmoja amebeba mali isiyo yake. Mtoto wa dukani anaagizwa chenji mara kwa mara na kila mara anarudi mbio. Kivukoni Likoni utaona mama amebebeshwa mizigo ya bibi arusi, masanduku na mapazia, naye hatakuwemo katika picha hata moja ya harusi hiyo. Hawa ndio ninaowatazama nikiandika jinsi kizee anavyopumua akifika juu ya ngazi.

Bunda la *Alfu Lela Ulela* nalo lilinifundisha jambo, na lilikuwa katika utangulizi wa toleo moja la Kiingereza. Antoine Galland alizitoa hadithi hizo kwa Kifaransa kati ya mwaka 1704 na 1717. Aladini na Ali Baba hazikuwa katika maandishi ya Kiarabu aliyokuwa nayo. Alisimuliwa mjini Paris mwaka 1709 na kijana wa Aleppo aitwaye Hanna Diyab, na katika kitabu hakumtaja. Jina tunalijua kwa sababu Galland aliliandika katika shajara yake. Niliposoma hayo nilikwenda Kisauni nikamuuliza nyanya hadithi ya paa yeye aliipata kwa nani. Akanitajia mtu, na mtu huyo sasa ametajwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu changu, chini ya jina la nyanya.

Bunda la ndugu Grimm linafaa pia, hasa ukipata lenye tafsiri ya toleo la kwanza la 1812. Humo, katika kisa cha Hansel na Gretel, anayetaka watoto wapelekwe msituni waachwe ni mama yao mzazi, na katika matoleo ya baadaye akageuzwa mama wa kambo. Sisi tunao mama wa kambo wengi mno katika ngano zetu. Ningependa mwandishi mwenzangu aliyelelewa na mama wa kambo mwema alichukue bunda hilo kabla yangu.

Kasoro zipo, na nazisema kwa kuwa nakipenda kibanda hiki. Turubai huvuja upande wa barabara, kwa hiyo msimu wa masika chukua vitabu vya katikati ya meza. Vitabu vingi vina kurasa pungufu. Ami huandika kwa penseli ndani ya jalada kurasa gani hazimo, nami namshukuru, lakini soma maandishi hayo kabla ya kulipa. Mwezi wa Januari, shule zikifunguliwa, vitabu vya kiada hufunika kila kitu na mabunda ya ngano huingia chini ya meza, na huwezi kumsumbua mtu ayatoe wakati wazazi wamepanga foleni na orodha mkononi.

Kasoro kubwa ni nyingine. Ngano za huku kwetu ni chache kuliko za Ulaya. Utapata Abunuwasi, utapata sungura na fisi wa vitabu vya shule, lakini za Wamijikenda, za Wapokomo, za Waamu, karibu hakuna. Ami haagizi, huuza kile ambacho watu wamekisoma na kukirudisha, na kisichochapishwa kwa wingi hakimfikii. Hilo linaniuma kila nikipanga vitabu vyangu na kuona rafu ya Wajerumani inavyozidi ile ya nyumbani. Ndiyo maana siku hizi nakwenda na daftari. Wateja wa Ami wazee, hasa wanaokuja alasiri kukaa kwenye benchi lake na kahawa tungu, ukiwaamkia vizuri na kuwaachia nafasi watakusimulia, na wengine husahihishana hapo hapo kuhusu aliyemuua nani na kwa nini.

Jambo moja zaidi la kumsifu Ami: fotokopi huuza za vitabu vya kale kama hicho cha Steere tu. Ukimwomba nakala ya mwandishi aliye hai atakataa na kukuelekeza dukani. Kwetu sisi tunaoanza kuandika, muuzaji wa namna hiyo ni wa kutunzwa.

Jumamosi iliyopita bunda la Sinderela lilikuwa bado halijachukuliwa: Perrault na kiatu chake cha kioo, Grimm na madada wanaokata kidole na kisigino ili kiatu kiingie, na kijitabu kimoja cha Kiswahili kisicho na jalada. Yote kwa shilingi 350. Likiwa limefunikwa na vitabu vya shule, mwambie Ami umetumwa na binti wa hadithi ya paa, atakutolea.