Darasa la bure la kutengeneza tovuti la freeCodeCamp: linamfaa mtu mzima anayesoma usiku?

Mtu mwenye kazi na familia akitaka kujifunza kutengeneza tovuti, huanza kwa kujiuliza atasoma saa ngapi na atalipa kiasi gani. Kwa maswali hayo mawili, kozi ya Responsive Web Design (usanifu wa tovuti zinazojirekebisha kwa ukubwa wa skrini) ya freeCodeCamp inayapita madarasa mengi ya kulipia. freeCodeCamp ni shirika lisilo la faida la Marekani, lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014. Kujiunga ni bure, cheti ni bure, na hakuna somo linalofungwa mpaka ulipe. Tunalolipima hapa ni toleo la mwaka 2022, linalofundisha HTML (lugha ya kupanga yaliyomo kwenye ukurasa) na CSS (lugha ya kuupa ukurasa sura) kwa kumpa mwanafunzi kitu kidogo cha kujenga, hatua kwa hatua.

Kwenye laptopu, skrini imegawanyika: maelezo upande mmoja, msimbo (maandishi ya HTML na CSS unayoyaandika) katikati, na ukurasa unaoujenga upande wa pili. Unaandika mstari mmoja au miwili, unabonyeza kitufe cha kukagua, unaambiwa kama umepatia au umekosea wapi. Hatua moja huchukua dakika mbili tatu, hivyo hata ukipata nusu saa tu baada ya watoto kulala, unasonga mbele. Masomo mengi ni maandishi, kwa hiyo bando haliishi haraka kama kwenye kozi za video. Ila ingia kwa akaunti yako kwanza. Usipoingia, hatua ulizomaliza hazitahifadhiwa. Simu inafungua masomo, lakini kuandika alama za < na > kwa kidole gumba kutakuchosha kabla ya somo lenyewe. Simu itumie kusomea, laptopu kuandikia. Hata ya zamani inatosha.

Zoezi la kwanza ni ukurasa wa picha za paka: kichwa cha habari, aya, picha, viungo, orodha, na mwisho fomu yenye vitufe vya kuchagua. Limepangwa vizuri, na tangu mwanzo linakudai uandike maelezo ya picha kwenye alt (sehemu ya msimbo inayobeba maneno badala ya picha), jambo ambalo walimu wengi huliacha mpaka mwisho au hulisahau kabisa. Asiyeona husomewa maelezo hayo na programu yake, na picha isipofunguka kwa mtandao dhaifu, maneno hayo ndiyo huonekana.

Zoezi la menyu ya mgahawa ndilo bora kuliko yote. Jina la kinywaji linakaa kushoto na bei kulia, kila kimoja kikiwa inline-block (mpangilio wa CSS unaoweka vitu kwenye mstari mmoja). Upana wa viwili hivyo ukijumlishwa unafika asilimia 100, lakini bei inaangukia mstari wa chini. Hesabu haina kosa. Kivinjari huvichukulia vitu vya inline-block kama maneno katika sentensi, na mstari mpya ulioacha kati ya tagi mbili (alama za HTML zinazozunguka kila kitu) huhesabiwa kuwa nafasi kati ya maneno. Nafasi hiyo ina upana wake, kwa hiyo jumla inazidi 100. Tiba ni kuziandika tagi hizo zikigusana, bila nafasi wala mstari mpya kati yake. Aliyeelewa hilo hapa hatahangaika nalo tena, na ataelewa kwa nini baadaye anafundishwa mbinu nyingine za CSS za kupanga vitu, Flexbox kwenye zoezi la ghala la picha na Grid kwenye zoezi la jarida.

Kasoro kubwa ya kozi hii ni kwamba haikuachi na faili tupu mapema. Katika mazoezi, folda, faili na sehemu kubwa ya msimbo vimeshaandaliwa, wewe unajaza pengo. Mwanafunzi anaweza kupita hatua mia mbili, kisha akifungua ukurasa mweupe asijue aanze na nini. Hilo si uzembe wake, hajawahi kufanyishwa.

Kwa hiyo ongeza zoezi moja ambalo kozi haikupi. Kila ukimaliza mradi, funga somo, fungua VS Code (programu ya kuandikia msimbo, ni bure), tengeneza folda mpya yenye index.html na styles.css, kisha ujenge kitu kilekile kwa kumbukumbu ukitumia mambo yako. Menyu ya kahawa igeuze iwe ya chai ya maziwa, chapati na maharage, bei kwa shilingi. Rudi kwenye somo pale tu unapokwama. Tenga nusu ya muda wako kwa kazi hii.

Hapo ndipo matatizo ya kweli hujitokeza, na karibu kila anayeanza hukutana na yaleyale. Ukitumia Notepad ya Windows, faili huweza kuhifadhiwa kama index.html.txt, nayo Windows huficha sehemu ya mwisho ya jina, hivyo unaona maandishi matupu bila kujua sababu. Rangi zisipotokea, kwanza tazama kama umeweka <link rel="stylesheet" href="styles.css"> ndani ya head, sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa. Ukurasa ukionekana mdogo mno kwenye simu, umesahau mstari wa meta viewport, unaoiambia simu itumie upana wake halisi; bila huo, vivinjari vingi vya simu hujifanya skrini ina upana wa pikseli 980, kisha huupunguza ukurasa mzima. Picha ikionekana kwako lakini ikapotea mtandaoni, kagua jina lake: kwa Windows, Duka.JPG na duka.jpg ni faili moja, ila kwa seva nyingi ni mbili tofauti. Tumia herufi ndogo, bila nafasi, na usiandike kamwe anwani ya faili inayoanza na C:. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ina megabaiti kadhaa. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200 hivi kabla ya kuiweka.

Kozi haigusi kuchapisha tovuti. GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti mtandaoni, inakufanyia bure ikiwa hazina yako (folda ya mradi kwenye GitHub) ni ya wazi: pandisha faili, hakikisha index.html haiko ndani ya folda nyingine, washa Pages kwenye mipangilio, usubiri. Inaweza kuchukua hadi dakika kumi, kwa hiyo usianze kufuta vitu ukiona haijatokea mara moja.

Cheti kinadai miradi mitano: fomu ya maoni, ukurasa wa kumuenzi mtu, ukurasa wa maelezo ya kiufundi, ukurasa wa kutangaza bidhaa, na ukurasa wa kazi zako mwenyewe. Hapa hatimaye unaachiwa uwanja, na mashine hukagua. Mashine hiyo ni kali kwa majina: id (jina la kipekee la kitu kwenye ukurasa) ya name-label ukiiandika Name-Label, umekosa. Sehemu ya namba inadai kiwango cha chini na cha juu, min na max. Vitufe vya chaguo moja vinadai name inayofanana, la sivyo mtu ataweza kuchagua viwili kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa bidhaa, menyu inayoganda juu hufunika vichwa vya habari mtu akibonyeza kiungo. Amri ya CSS ya scroll-padding-top yenye kimo cha menyu hiyo hutibu.

Jambo ambalo mashine haiwezi kukagua ni uzuri. Ukurasa wenye maandishi ya kijivu juu ya kijivu, uliobanana kila upande, unaweza kupita majaribio yote. Kozi ina jina la usanifu, lakini kwa uzito wake ni kozi ya msimbo. Kuhusu kupanga nafasi, ukubwa wa herufi na rangi inasema machache. Usiwasilishe mradi kabla mtu asiyejua kompyuta hajaufungua kwenye simu yake na kuujaza au kuusoma bila kukuuliza.

Kuhusu muda, freeCodeCamp wenyewe walikadiria saa 300 kwa cheti kimoja. Ukisoma saa moja kwa siku tano na saa tatu mwishoni mwa wiki, ni kama miezi tisa. Anayekuahidi kukufanya msanifu kwa wikendi mbili anakudanganya. Kwa upande mwingine, kama unajijua huwezi kusoma bila mtu wa kukuuliza umefika wapi, tafuta darasa la ana kwa ana au mwenzako wa kukutana naye kila Jumamosi, maana kozi hii haitakufuata.

Ukimaliza, andika jina lako kamili kwenye wasifu, kubali sharti la uaminifu wa kitaaluma, na uweke cheti kionekane na watu wote, vinginevyo kiungo chake hakitamwonyesha mwingine kitu. Mteja wa kwanza, mwenye saluni au duka la vifaa, huenda asikiombe hata siku moja. Atakuomba kiungo cha tovuti uliyokwisha kuitengeneza, na ataifungua kwenye simu.