Maputo kichwani, miguu chini: uzoefu wangu na mataji ya Tera

Nianze na maputo, maana ndiyo yaliyonichefua. Kwenye gemu za Pokémon Scarlet na Violet, kila kiumbe (Pokémon) ana aina, kama Fire au Water, zinazoamua nini kinamuumiza, na Tera ni uwezo wa kumbadilisha aina katikati ya pambano. Ukimpa wako Tera ya Flying, aina ya wanaoruka, mwili mzima unang'aa kama kioo kilichochongwa na kichwani linaota taji la maputo. Maana yake haihitaji kufafanuliwa: huyu hagusi tena ardhi. Na kweli, ukimpiga Earthquake, shambulio la tetemeko, haimpati hata kidogo. Sasa mtazame Garganacl, lile pande la chumvi la kilo 240. Maputo yanang'aa juu, miguu iko palepale, hata unyayo haujainuka. Ardhi inatikisika, yeye kaisimamia, na gemu inasisitiza hajaguswa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba gemu hiyohiyo ina kifaa kinachoitwa Air Balloon. Ukimbebesha Pokémon, naye hakamatwi na mashambulizi ya Ground, aina ya ardhi, ila akipata pigo moja tu, puto linapasuka. Hilo ni puto lenye akili ya puto. Maputo ya taji yanapigwa moto, mawe na barafu wala hayatoboki mpaka mwenyewe azimie. Basi ni kofia tu.

Geuza upande wa pili, kwa Dragonite, joka lenye mabawa. Wengi humpa Tera ya Normal ili Extreme Speed, shambulio la Normal, iume zaidi. Kichwani anavaa kito cha kawaida, mabawa yake bado yapo mgongoni, na hapo ndipo Earthquake inampata, kwa sababu Flying imefutika. Mwenye mabawa anapigwa na tetemeko, mwenye mwili wa chumvi anapona. Nani alikaa mezani akaona hili liko sawa?

Kanuni ni hii, na haiandikwi popote kwenye picha. Kwenye kujikinga, taji ndilo linalosema: futa aina zote za zamani, weka moja tu. Dragonite wa kawaida Ice inamuumiza mara nne; akishavaa kito cha Normal, Ice inakuwa pigo la kawaida, Ghost haimpati, Fighting inamuumiza mara mbili. Lakini kwenye kushambulia mwili hausahauliki. Mashambulizi ya aina zake za kuzaliwa, Dragon na Flying, yanabaki na nyongeza ya mara 1.5, na Normal nayo inaipata. Taji likifanana na aina ya kuzaliwa, nyongeza inafika mara 2, kama Flutter Mane, Fairy wa kuzaliwa, akivaa taji la moyo la Fairy na kurusha Moonblast, shambulio la Fairy. Na moyo ule ni uleule anaovaa asiyezaliwa Fairy. Hakuna alama ya kukuonya.

Mpangilio wa zamu nao hausaidii. Wanaobadilishwa hutoka kwanza, kisha Tera, kisha mashambulizi. Maana yake taji unaliona ukiwa umeshabonyeza. Ukishachagua Earthquake na maputo yakatokea, zamu imekwenda na maji.

Kwenye reidi, pambano la wachezaji kadhaa dhidi ya Pokémon mmoja mwenye nguvu, walau unaonyeshwa alama ya aina kabla hujaingia. Hata huko, watu husoma taji peke yake wakaumia. Yule Charizard wa reidi ya nyota 7 (kiwango cha ugumu) ya Desemba 2022 alikuwa na taji la Dragon, watu wakakimbilia Fairy. Sawa kwa kumpiga, ila alikuwa bado anatema moto, na Fairy tupu haipunguzi moto. Azumarill ndiye mwenye hesabu kamili: Fairy ya kushambulia na kukataa Dragon, Water ya kupunguza moto. Na ukiwa ndani, Tera yako haiko tayari mpaka ushambulie mara tatu, kwa hiyo usipoteze zamu za mwanzo kwa mapambo.

Haya, nikubali. Kama wazo la hazina, mataji haya yamepangwa kwa ustadi. Fire ni kinara cha mishumaa, Water ni chemchemi ya bustani za kifahari, Grass ni maua, Electric ni balbu. Ni vitu vya kasri, na hadithi nzima ya Paldea, nchi ya gemu hii, ni ya kutafuta hazina, kuanzia mfalme wa kale aliyelitamani lile shimo kubwa hadi wanafunzi wanaotumwa na shule. Hata pa kubadilishia aina ni mgahawa wa mji wa Medali uitwao Treasure Eatery, unalipa vipande 50 vya aina unayoitaka. Mwenye taji akianguka, kioo kinavunjika vipandevipande. Na mtazame Mismagius, mwenye kipaji cha kuelea kiitwacho Levitate, akivaa balbu: Electric haina adui ila Ground, naye anaelea mwenyewe, bila puto. Hapo picha na kanuni zimeshikana mkono. Nilikuwa naelekea kuyapa mataji haya nyota nne.

Kisha wakaleta aina mpya ya Tera, Stellar, mwishoni mwa 2023. Taji la rangi zote, linalopiga kelele kuliko mengine yote, ukiliona unadhani kila kitu kimegeuka. Kwenye kujikinga halibadilishi chochote! Aina za kuzaliwa zinabaki zilezile. Kwenye kushambulia, kila aina inapata nyongeza mara moja tu, basi: 2 kwa aina zako, 1.2 kwa nyingine. Pokémon aitwaye Terapagos peke yake ndiye hana ukomo huo. Kwa hiyo baada ya mwaka mzima wa kujifundisha kuamini kichwa na kuusahau mwili, unakutana na kichwa kinachotaka uuamini mwili. Dragonite wa Stellar bado Ice inamuumiza mara nne, huku kavaa kama bwana harusi.

Nyota mbili. Ya tatu ningeitoa kwa ajili ya Mismagius, ila Garganacl bado kasimama pale.