Kupanga nyumba Mji Mkongwe: uzoefu wangu, na kwa nini uanze na maji

Nimepanga ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, upande wa Kiponda: vyumba 3, ukumbi, jiko dogo linalotazama ua, na ngazi moja tunayoshirikiana na wapangaji wa chini. Nikiipa alama, naipa 7 kwa 10, na zile 3 zilizopungua zote zimekwenda na maji: ya mvua, ya mfereji (bomba) na ya ukutani. Joto, kelele na vichochoro, ambavyo ndivyo watu wanavyovitaja mwanzo, huzoeleka. Maji hayazoeleki. Ukienda kuangalia nyumba, roshani na mlango wa kuchonga viache mwisho, anza na maji.

Kwanza ujue nyumba yenyewe imejengwa vipi. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi. Sakafu ya kila ghorofa imekaa juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe, halafu zege la chokaa lililotwangwa mpaka likashikana. Boriti ya mkoko haifiki mbali, hutosha chumba cha upana wa mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya mjini ni virefu na vyembamba. Pima kitanda na kabati kabla ya kuvihamisha.

Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaoupanda kutoka ardhini au kuuingia kutoka nje hutokea tena usoni ukakaushwa na upepo. Shida huanza pale mtu anapoona plasta ya chokaa inamong'onyoka, akaifunika kwa saruji ili mambo yaishe. Saruji ni ngumu na imefunga. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na chumvi iliyobebwa na maji hujikusanya nyuma ya plasta. Ikikauka hufanya punje, na punje zikikua huisukuma plasta. Zikipita masika chache saruji inatoka kwa vibao vizima, ikaondoka na uso wa mawe. Rangi ya mafuta nayo hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Kwa hiyo ukikuta chumba cha chini kimepakwa rangi mpya inayong'aa, tena mpaka usawa wa kiuno tu, usikifurahie. Uliza kilichofichwa.

Kuchunguza si kazi kubwa. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito, iliyoachana na mawe hulia kama debe tupu. Pitisha kiganja nyuma ya mlango na chini ya dirisha, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haikufika vizuri: ukipata unga mweupe laini kama pamba, ugusishe ulimi. Ni chumvi kweli. Fungua kila kabati la ukutani unuse. Chumba kinaweza kupigwa upepo asubuhi nzima kabla hujafika, lakini kabati lililofungwa haliwezi kuficha harufu ya kuvu.

Ukuta wa chini una subira, unaweza kuloa miaka na bado ukasimama. Kinachoiua nyumba ni paa. Nyumba nyingi za mjini zilianza na paa la sakafu ya chokaa, baadaye zikawekwa mabati juu, na mabati yanategemea milizamu, yaani njia za kupokea maji ya paa na kuyashusha. Fanya hesabu: paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya sentimita 5 kwa siku moja, hizo ni lita 4000 zinazotafuta njia ya kushuka. Mlizamu ukiziba kwa majani, manyoya ya kunguru na mifuko ya plastiki, maji hufurika nyuma, yakaingia kwenye kichwa cha ukuta, pale pale vichwa vya boriti vilipopachikwa. Boriti ikiwa kavu huishi miaka mingi sana. Kichwa chake kikiwa kinaloa na kukauka kila masika na vuli, huoza ndani ya ukuta huku katikati pakionekana pazima kabisa.

Ndiyo maana mimi sikubali kuonyeshwa vyumba tu. Omba ufunguo wa darini. Panda na tochi, hata mchana, uangalie vitu vitatu: mwanga unaopenya kwenye mabati, michirizi ya maji inayoshuka kutoka kichwa cha ukuta, na vichwa vya boriti. Chukua bisibisi ya kawaida, ichomeke kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Mti mzima utaikataa ncha. Ikizama sentimita 2 bila kuisukuma kwa nguvu, boriti hiyo haina kazi tena, na ikiwa ziko tatu zinazofuatana, shukuru kisha utafute nyumba nyingine. Unga wa mbao chini ya boriti maana yake inabunguliwa na wadudu. Hilo linatibika mapema, likichelewa halitibiki.

Jirani wa chini anajua zaidi kuliko dalali. Piga hodi, toa salamu, umuulize kwa adabu: "Bi mkubwa, masika yaliyopita maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Nyumba ikiwezekana uione mara mbili, ya pili iwe siku ya mvua. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mtihani wenyewe. Ukiangalia nyumba Januari, na kaskazi imeshakausha kila kitu, hata nyumba mbovu hupendeza.

Sasa maji ya kutumia. Mji huu ulipata maji ya bomba mapema, tangu Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipoyaleta kutoka chemchemi za kaskazini ya mji. Lakini ghorofa ya pili leo usitegemee mfereji uje kwa nguvu zake. Kila mita ya kimo inahitaji msukumo wa sehemu ya kumi ya bar, kwa hiyo jiko lililo mita 8 juu ya kichochoro linataka karibu bar 1 kabla tone la kwanza halijatoka, na mjini kila mtu anafungua saa ile ile. Mpango unaofanya kazi ni matangi mawili: moja chini, lijijaze lenyewe usiku maji yakija, lingine juu, na pampu katikati. Pampu ya nusu nguvu farasi hula wati 400 hivi. Ikipandisha lita 30 kwa dakika, tangi la lita 1000 linajaa kwa muda wa nusu saa na kidogo, umeme wake haufiki hata robo ya yuniti. Usikubali pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Inanyonya maji ya majirani, na bomba likiwa na ufa inavuta na maji machafu yaliyolizunguka.

Pampu ikilia bila kuleta maji, kabla ya kumwita fundi tazama valvu ya chini ya bomba la kufyonza. Punje moja ya mchanga ikiizuia isifunge, maji yote hurudi chini na pampu inabaki na hewa. Ioshe, jaza maji kwenye pampu kupitia tundu lake la juu, washa tena. Usiiache ikizunguka kavu, sili yake ya kuzuia maji yasivuje huungua.

La tangi la juu nalitilia mkazo kuliko yote. Lita 1000 ni kilo 1000, tani nzima. Nimeshaona matangi yamewekwa katikati ya chumba cha darini kwa sababu pana nafasi, juu ya boriti zilizokwishachoka. Tangi likae pembeni, karibu kabisa na ukuta mnene, juu ya mbao nene zinazokatiza boriti nyingi kwa pamoja ili uzito ugawanyike. Bora zaidi weka mawili ya lita 500 kwenye kuta mbili. Ubavuni mwake, karibu na juu, lazima kuwe na bomba la kumwaga ziada linalotoka nje, maana boya la kuzuia maji likikwama usiku, lita zote za ziada zinaingia kwenye sakafu ya chokaa na utaziona asubuhi kwenye dari ya jirani.

Kisima cha uani kama kipo ni neema ya kufulia na kusafishia choo. Cha kunywa hapana. Bahari iko karibu, makaro ya vyoo yako karibu zaidi. Ukifunga kiyoyozi, bomba lake la maji lishushwe mpaka kwenye mtaro. Mengi mjini yanadondokea ukutani mchana kutwa, na chini yake utaona mstari wa kijani na plasta iliyolegea.

Umeme ni mfupi kueleza. Hakikisha mita ya TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) ni yako peke yako, na waya wa ardhi upo kweli kabla ya kutumia hita ya kuogea, kwa kuwa ukuta wenye unyevu na waya wa zamani havipatani. Gari la zimamoto haliingii kwenye kichochoro cha mita 2, kwa hiyo mtungi wa gesi uwe karibu na dirisha na kizimamoto kiwe mlangoni mwa jiko, si ndani yake.

Kuhamia nako kuna taratibu zake. Gari linaishia Darajani au barabara ya Malindi, kuanzia hapo ni hamali na gari la kukokota. Vitanda vifunguliwe. Kabati lisilopita ngazini hupandishwa kwa kamba kupitia dirisha la ukumbi, kazi ya watu 4. Friji iliyolazwa isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Wiki hiyo hiyo nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ukajiandikishe.

Jirani wanasalimu, watoto wanajulikana ni wa nani, na usiku wa manane bado utapata mtu barazani wa kukuelekeza njia. Hekta 96 tu mji mzima, samaki, mikate, hospitali ya Mnazi Mmoja na boti ya kwenda Dar vyote ni kwa miguu. Kwa hilo sina la kupunguza.

Kabla ya kutia saini uliza nyumba ni ya nani: ya mtu binafsi, ya Serikali au ya wakfu, maana ndiko ruhusa na gharama za matengenezo zinakotoka. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kazi inayogusa sura ya nje au mwili wa jengo inataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mkupuo. Toa, ila kwenye mkataba yaandikwe maneno mawili: nani anasafisha milizamu kabla ya masika na kabla ya vuli, na kwamba ukuta utatengenezwa kwa chokaa. Kipimo ni chokaa 1 iliyoloweshwa wiki kadhaa kwa mchanga 3 uliooshwa chumvi, ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji siku kadhaa isikauke kwa pupa. Mwashi atakayekuambia ataimaliza kesho, mwambie arudishe mfuko wa saruji dukani.