Uzoefu wangu na RZR XP 1000 iliyotumika kwenye mchanga wa Sharqiya

Kwa sisi tunaoishi Oman, bagi la mchangani, yaani gari dogo la wazi la kupandia matuta, si chombo cha fahari peke yake. Msimu wa baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, familia nyingi za Maskati, Ibra na Sur humalizia wiki kwenye mchanga wa Sharqiya, ule ambao wengi bado wanauita Ramlat al-Wahiba, na bagi ndilo linalobeba kuni, maji, watoto, na mara nyingine mgeni ambaye gari lake limezama. Langu nililinunua likiwa limeshatumika, nikalitunza na kuliongezea vitu kwa misimu kadhaa, na haya nayaandika kwa ajili ya msomaji anayefikiria kununua kama hilo, awe huku Ghuba au popote penye vumbi jingi. Ninaloamini ni kwamba bagi lililotumika lipimwe kwanza kwa hewa lililoivuta, na fedha za mwanzo za kuliboresha ziende kwenye hewa, mkanda wa klachi na usalama wa waliomo ndani, kabla hazijafikiriwa nguvu za injini.

Chombo chenyewe ni Polaris RZR XP 1000 ya mwaka 2015, ya viti viwili, iliyoletwa kutoka Marekani. Injini yake ina silinda mbili na ujazo wa cc 999, haina turubo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), inatoa nguvu za farasi 110, na nguvu hizo hufika kwenye magurudumu kwa kupitia mkanda wa mpira unaozunguka baina ya klachi mbili. Upana wake ni inchi 64, tairi zake ni za inchi 29, na magurudumu ya nyuma yana nafasi ya inchi 18 ya kupanda na kushuka, kwa hiyo yale mawimbi madogo ya mchanga yanayomvunja mtu mgongo kwenye gari la kawaida hapa huyasikii sana. Muuzaji alitaka rial 3,600, tukaelewana kwa 3,300, sawa na dola 8,600 hivi.

Kabla ya kutoa hata baisa moja nilimwomba fundi mmoja mtu mzima wa sanaiya, mtaa wa magereji, ya Ibra afuatane nami kuliona. Nilikuwa nimevutiwa na mita, nikamwambia, «Ami, limetembea maili 2,900 tu.» Akanijibu, «Mita haivuti mchanga, mwanangu. Tufungue kwanza boksi la filta.»

Tukafungua. Filta yenyewe ilikuwa chafu, na hilo halikumshtua, kwa sababu kazi ya filta ni kuchafuka. Alichokitaka ni upande wa pili, yaani ule mpira mnene unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Alikifunga kitambaa cheupe kwenye kidole, akakipitisha ndani ya ule mpira polepole mpaka mkono ulipokomea, akakitoa na kukigeuza juani. Kilikuwa na unyevu kidogo wa oili, bila chembe ya mchanga. Kama kingetoka na vumbi jekundu tungerudi nyumbani palepale, maana vumbi lililopita filta huenda moja kwa moja kwenye kuta za silinda na pete za pistoni, likazila kama msasa, na injini ya namna hiyo huweza kuwaka vizuri siku ya kununua na kuanza kula oili kabla msimu haujesha. Baadaye tulipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote mbili, zikalingana. Lakini kitambaa kile ndicho kilichoniamulia.

Kuna mambo mengine ya kuangalia ambayo hayahitaji vifaa. Ukifika kwa muuzaji, shika injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, omba kurudi siku nyingine, kwa kuwa kasoro nyingi za kuwaka hujificha injini inapokuwa imeshapashwa. Linganisha maili na saa za injini, kwani mita ya RZR inaonyesha zote mbili. Langu lilikuwa na saa 230 kwa maili 2,900, yaani wastani wa maili 12 na ushei kwa saa, jambo linaloingia akilini kwa chombo cha matembezi. Saa zikiwa nyingi mno kuliko maili, injini imenguruma sana ikiwa imesimama au imefanya kazi nzito kwa mwendo wa kinyonga. Linyanyue kwa jeki, ulitikise kila gurudumu juu na chini, kisha kulia na kushoto, usikilize. Kagua fremu mahali mikono ya magurudumu inapofungwa, na zile fimbo ndefu za nyuma zinazoshikilia gurudumu, ambazo zikipinda kidogo tu huonekana ukichuchumaa na kuziangalia kwa mstari.

Jambo la namba ya chesisi nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Aprili 2016 Polaris, pamoja na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, ilitangaza kuyaita kwa marekebisho takriban magari 133,000 ya RZR 900 na RZR 1000 ya miaka 2013 hadi 2016, kwa sababu ya hatari ya kushika moto. Na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 27.25 kumaliza madai kwamba ilichelewa kutoa taarifa za kasoro katika RZR na Ranger, chombo chake kingine. Mabagi mengi ya miaka hiyo yamevuka bahari na kuuzwa huku kwa mikono miwili au mitatu, na mnunuzi wa mwisho huenda hajawahi kusikia habari hiyo. Namba ya chesisi ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni unaonyeshwa kama kuna marekebisho yanayosubiri. Langu lilionyesha kwamba kazi ilishafanywa, na mimi nisingelinunua bila kuliona hilo kwa macho yangu, kwa kuwa injini imekaa nyuma ya viti tu, karibu kabisa na migongo ya watu.

Kasoro moja kubwa tuliipata, nayo ilitusaidia kushusha bei. Beringi ya katikati ya shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele ilikuwa imekwisha kwa kukosa grisi. Mahali pale pana chuchu ya kutilia grisi, lakini pamejificha chini, na mwenye bagi aliyetangulia hakuwa akipagusa. Fundi alipopabinya kwa bomba la grisi, kilichotoka mwanzo kilikuwa tope la rangi ya kahawia lenye kukwaruza baina ya vidole. Dalili yake barabarani ni mtetemo chini ya miguu unaozidi kwa kadiri mwendo unavyozidi. Tuliibadilisha wiki ileile, na tangu hapo naitia grisi kila ninaporudi kutoka mchangani, kwa kiasi, kwani grisi ikizidi husukuma nje mipira inayozuia vumbi.

Kuhusu matunzo, kitabu cha kampuni kinataka oili ya injini ibadilishwe kila saa 100 au maili 1,000, na kinasema wazi kwamba kwenye matumizi magumu muda huo upunguzwe kwa nusu. Mchanga wa Sharqiya ni matumizi magumu bila ubishi, kwa hiyo mimi hubadilisha kila saa 50, kwa oili ya 5W-50 ya sinthetiki, pamoja na filta yake. Filta ya hewa ya karatasi siipulizi kwa kompresa, kwani upepo mkali huitoboa matundu usiyoyaona. Naikung'uta taratibu, na ikiwa nzito naitupa na kuweka mpya. Rejeta ipo mbele na hujaa vumbi lililochanganyika na vijiti vya majani makavu. Naiosha kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka nyuma kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia.

Mkanda wa klachi unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio unaowaacha watu jangwani. Mkanda huu hubanwa na sahani mbili za klachi, na kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, vizito vilivyomo ndani ya klachi ya mbele hutanuka na kuubana zaidi. Usipobanwa sawasawa huteleza, ukiteleza hupata joto, na joto ndilo linalouua. Dereva anayepanda mchanga laini polepole katika gia ya juu, huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho, anauchoma mkanda wake bila kujua. Gia ya chini ipo kwa kazi hiyo, na pia kwa kurudi nyuma na kuvuta gari la mwenzio. Nimefunga kipimo cha joto la mkanda, na kikikaribia nyuzi 90 za Selsiasi napunguza mwendo, nikitafuta mahali pa wazi pa kulipoza bagi bila kuzima injini, kwa sababu klachi inayozunguka ndiyo inayovuta hewa ya kupoza.

Mkanda mpya nao hauanzi kazi kwa fujo. Maili 50 za mwanzo naupa mwendo wa kupanda na kushuka taratibu, bila mbio ndefu wala kupanda matuta makubwa. Kabla ya kuufunga nasafisha nyuso za sahani kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, kwani alama ya kidole chenye grisi inatosha kuufanya uteleze. Mkanda ukikatika, mtu huwa na haraka ya kuweka mwingine aondoke. Lakini zile nyuzi nyeusi zilizochanika huingia nyuma ya klachi na kujizungusha kwenye shafti, na zisipotolewa zote, moja moja, huharibu sili na hata mkanda mpya. Nabeba koleo yenye ncha nyembamba kwa ajili hiyo tu, pamoja na mkanda wa akiba, soketi za kufungulia kifuniko, na taa ya kichwani.

Katika kuboresha, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa kichujio cha awali cha S&B, ambacho huizungusha hewa kabla haijafika kwenye filta na kulitoa vumbi zito nje kwa feni ya umeme. Kimefungwa juu, nyuma ya viti, mahali penye vumbi jepesi kuliko pale chini. Tofauti niliiona kwenye filta yenyewe, ambayo sasa inatoka na weupe wake sehemu kubwa baada ya siku nzima ya kufuatana na wenzangu. Kwa pesa niliyoitoa, hakuna kifaa kingine kilichonilipa vizuri hivyo.

Cha pili kilikuwa mikanda ya usalama yenye ncha nne. RZR ina kinga inayozuia mwendo usizidi maili 15 kwa saa dereva asipofunga mkanda, na wapo wanaoikata kinga hiyo wanapofunga mikanda mipya. Mimi nilimtaka fundi wa umeme auhamishie waya wake kwenye kifungio kipya, ukabaki unafanya kazi. Cha tatu ni bendera ndefu yenye taa. Matuta ya upande wa kaskazini yamepangika marefu, kutoka kaskazini kwenda kusini, na anayeyakata kwa mashariki na magharibi hukutana na kilele kila baada ya muda mfupi, asijue nani anapanda kutoka upande wa pili. Bendera inayoonekana kabla ya gari imewaokoa watu wengi, na mtoto wangu hapandi bagi lolote lisilo nayo.

Fimbo za nyuma nilizibadilisha kwa nene zaidi, na paa la alumini nililiweka kwa ajili ya jua. Tairi zenye makasia, yaani meno mapana ya kuchotea mchanga, sikununua, ingawa kwenye mchanga mtupu hazina mpinzani, kwa sababu njia ninazopita kutoka Bidiya zina changarawe nyingi na makasia huliwa upesi. Nimebaki na tairi za kawaida, nikizishusha hadi psi 10 mchangani. Winchi pia sioni haja yake huku. Hakuna cha kuifungia isipokuwa miti ya ghaf, na mti huo unaoishi miaka kwa miaka kwa unyevu wa chini haustahili kuchunwa gome kwa ajili ya mchezo wetu. Kamba ya kuvutana yenye kunyumbuka na rafiki mwenye gari zima vinatosha.

Turubo nimelikataa, na tairi za inchi 32 nimezikataa pia. Tairi kubwa huongeza mzigo kwenye mkanda, ekseli na beringi zote kwa pamoja, na klachi hulazimika kupangwa upya kwa vizito na springi nyingine. Anayetaka nguvu za turubo ni afadhali aweke akiba anunue bagi lililoundwa nalo kiwandani. Vipuri vingi naviagiza Marekani, na kwenye hesabu naongeza usafiri, ushuru wa forodha wa asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyoanza Aprili 2021. Kazi iliyobaki ni ya shokapu, ambazo oili yake haijabadilishwa tangu nilinunue. Nitazitoa zote nne kiangazi hiki, wakati joto la nje halimruhusu mtu kuingia mchangani hata hivyo, nizipeleke zifunguliwe, zibadilishwe sili na kujazwa upya gesi ya naitrojeni, ili ziwe tayari kabla ya Oktoba.