Maoni yangu kuhusu huduma ya makao ya watoto, kutoka kwa mtu aliyelelewa humo (nyota 4 kati ya 5)

Watu tunaandika maoni kuhusu simu, hoteli, mabasi, kila kitu, ila huduma inayomlea binadamu tangu mdogo mpaka anaota ndevu huoni mtu akiipa nyota, na wanaoiongelea sana ni wafadhili au wageni waliokaa mchana mmoja wakapiga picha wakaondoka. Mimi nimekulia humo. Niliingia mdogo baada ya mama kufariki na nyumbani kukawa hakukaliki tena kwa ulevi na kipigo, nikatoka mtu mzima mwenye akili timamu na imani yangu, kwa hiyo haya ni maoni ya aliyeitumia huduma yenyewe. Jina la makao sitaji, wenzangu wengine hawataki historia yao ijulikane na ni haki yao.

Nianze na kilichonibeba, mama mlezi. Sio jengo, sio vitanda, sio yale mabegi mapya ya shule yaliyokuwa yanaletwa, ni yule mama, na zaidi ya yote ni kwamba ALIKAA. Wengine walikuja wakaondoka, unamzoea mtu leo kesho unaambiwa kahamia kazi nyingine, lakini yeye tulimkuta na tukamuacha. Nilikuwa nakojoa kitandani mpaka umri ambao mtoto anaona aibu kweli, na yeye alikuwa anakuja kabla wengine hawajaamka anabadilisha shuka kimya kimya, hakuwahi kulitaja mbele ya mtu hata siku moja, hata aliponikasirikia kwa mambo mengine. Mtoto aliyezoea kupigwa anaangalia sana mikono ya watu wazima, anasubiri ipande. Ya kwake nilisubiri weee haikupanda, na kuna wakati tu nikajikuta sisubiri tena.

Alafu sala yake ya jioni. Alikuwa hasali ile ya jumla ya "wabariki watoto hawa wote", hapana, alikuwa anatutaja mmoja mmoja kwa majina na kwa shida zetu, fulani ana mtihani, fulani anaumwa jino, fulani baba yake aliahidi kuja hakutokea. Kwa mtu mwingine ni kitu kidogo, lakini kwa mtoto ambaye hakuna anayemkumbuka, kusikia jina lako linapelekwa mbele za Mungu kila jioni, na shida yako ya leo imekumbukwa, yaani kuna mtu mchana kutwa alikuwa ananiangalia mpaka akajua leo sina raha! Imani yangu ilianzia hapo, kabla hata sijaelewa mahubiri. Kwanza nilijua nimeonwa.

Na haya sio mapenzi yangu tu kwa yule mama. Kuna utafiti maarufu wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wapo waliokulia kwenye mazingira magumu hasa, umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, magonjwa ya akili nyumbani, na karibu theluthi moja ya hao walikua vizuri tu, watu wa kujiamini na kuwajali wengine. Walipoangalia kilichowasaidia wakakuta, pamoja na mengine, mtu mzima aliyeshikamana na mtoto hata kama sio mzazi wake, na imani pia imo. Nilipousoma nililia, manake ni kama mtu alikuwa ameandika maisha yetu.

Ila lazima niseme na upande wa pili, ili asitokee mtu akachukua maneno yangu kuwa leseni ya kufungua makao kila kona. Kule Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwachukua watoto wadogo sana 136 waliokuwa kwenye taasisi, kwa kura baadhi wakapelekwa kwa familia za kuwalea na wengine wakabaki kwenye huduma ya kawaida. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi, kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo kwa mtoto mchanga makao hayatakiwi kuwa chaguo la kwanza, hata yawe mazuri namna gani. Mtoto mchanga anahitaji kifua cha mtu mmoja anayekijua, na wafanyakazi wanaopokezana zamu hawawezi kumpa hicho hata wakiwa na mapenzi. Ndo maana naipenda ile njia ya SOS, vile vijiji vya kulelea watoto, iliyoanzishwa na Hermann Gmeiner kule Imst, Austria, mwaka 1949, watoto wachache, nyumba moja, mama mmoja, na ndugu wa damu wanabaki pamoja. Kwetu tulikuwa wengi mno kwenye chumba kimoja, na ndugu waligawanywa kwa umri, mkubwa huku mdogo kule. Hilo liliniuma kwa niaba ya wenzangu na mpaka leo naona halikuwa sawa.

Kuhusu imani niongee kidogo zaidi, manake hapa ndo watu wanagombana. Wapo wanaosema makao ya dini yanawalazimisha watoto. Inategemea. Mimi kuna kipindi nilimkasirikia Mungu vibaya sana, nikagoma kusali, nikamuuliza yule mama kama Mungu yupo alikuwa wapi siku mama yangu anakufa. Hakunipa jibu la haraka wala hakunipa adhabu. Alisema muulize mwenyewe, na ukitaka kumlalamikia mlalamikie, Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia. Nikaenda kusoma, kweli zimejaa, na nikaikuta ya 27, pale mtu anaposema hata baba na mama wakimwacha Bwana atampokea. Alikuwa pia anapenda kutusimulia habari za Esta, binti yatima aliyelelewa na ndugu yake Mordekai mpaka akawa malkia aliyeokoa watu wake, na alisisitiza sana Mordekai, kwamba alikuwa anapita kila siku karibu na ua wa nyumba ya wanawake kujua binti anaendeleaje. Wenzetu Waislamu waliruhusiwa kufunga na kuswali, na yeye huyo huyo aliwakumbusha kuwa Mtume Muhammad naye alikuwa yatima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto uhuru wa dini, lakini sisi tulikuwa hatujui mkataba wowote, tuliona tu kwamba hakuna anayesukumwa. Nimeongea na watu waliokulia kwingine ambako kusali kulikuwa adhabu, ukikosea unapigishwa magoti masaa, na wengi wao leo hawataki hata kusikia jina la Mungu. Nawaelewa kabisa.

Kwa wafadhili nina neno. Mkienda kwenye makao ya imani msione haya kuuliza mahesabu, eti mtaonekana mnawashuku watumishi wa Mungu. George Müller, yule mhubiri wa Bristol, Uingereza, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mwaka 1836, alikataa kabisa kuwaomba watu pesa, alisema anamwomba Mungu peke yake, na katika maisha yake alihudumia watoto zaidi ya 10,000. Sasa mtu huyo huyo wa maombi alikuwa anaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka na kutoa ripoti kila mwaka. Imani ya kweli haiogopi daftari. Makao yanayokasirika ukiomba kuona matumizi, mimi ningepeleka mchango wangu kwingine. Na jambo la picha, tafadhali sana, mtoto akiulizwa "umefurahi?" ameshika zawadi mbele ya kamera atasema nimefurahi, atasema nini tena? Tulifundishwa kutabasamu. Kama mna uwezo wa kuchangia, changieni mishahara ya walezi ili wasihame, haipendezi kwenye picha lakini mtoto ndo anachohitaji.

Sasa ile nyota ya tano. Nimeizuia kwa mambo mawili na yote makubwa. La kwanza, ndugu zetu hawakutafutwa vya kutosha. Watoto wengi wanaoishi kwenye makao duniani sio yatima wa pande zote, wana mzazi mmoja hai au shangazi au bibi ambaye akisaidiwa kidogo angeweza kulea. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala imesema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi, na ndugu wasitenganishwe bila sababu ya msingi. Mle ndani kuna wenzangu walikuja kugundua ukubwani kuwa bibi alikuwepo miaka yote, na alipofika mjukuu wake bibi ameshazikwa. Maumivu hayo sina neno la kuyaeleza.

La pili ni kutoka. Umelelewa, umesomeshwa, unaombewa kwa jina, alafu unafikisha miaka 18 unapewa begi na mkono wa kwaheri. Hujui kupanga chumba, hujui kutunza pesa manake hujawahi kushika pesa yako, sikukuu zikifika wenzako kazini wanasema naenda nyumbani na wewe huna pa kusema naenda. Mimi nilipona kwa sababu waumini wa kanisa nililokuwa nasali walinipokea na familia moja ikanifanya mtoto wao bila karatasi yoyote, lakini nina wenzangu waliopotea ndani ya mwaka wa kwanza, na walikuwa na imani kama yangu. Kumlea mtoto miaka yote alafu kumuachia pale mlangoni ni kazi ambayo haijaisha. Makao yanayoandaa watoto mapema, yanawafundisha ufundi na bajeti, na yana mtu wa kuwapigia simu miaka kadhaa baadaye, hayo nayapa tano bila kufikiria mara mbili.

Kama unafikiria kumpeleka mtoto wa ndugu yako huko, kwanza uliza ustawi wa jamii kama kuna msaada wa kumlea nyumbani, ukikosa kabisa ndo uende, na ukifika uliza walezi wana muda gani kazini na waliotoka miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa hivi. Wakijibu kwa majina, kaa uendelee kuongea nao. Na wewe uliyekulia huko kama mimi, nenda kaombe faili lako, cheti cha kuzaliwa, jina la aliyekuleta, picha kama zipo. Omba kwa maandishi ubaki na nakala. Ni historia yako, na hiyo miongozo ya 2009 inatambua kwamba mtoto anatakiwa aweze kuona kumbukumbu zake.