Kioo kiligoma, nikaambiwa nipeleke kamera makumbusho

Nilitaka kuandika sifa tupu. Kamera yangu ya DSLR, ile ya kidijitali yenye kioo ndani kinachorusha mwanga hadi kwenye tundu la kutazamia, imenyeshewa, imedondoka, imeazimwa na watu wasiojua kushika kitu, na haikuwahi kununa. Sasa juzijuzi, katikati ya harusi, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, kioo cha ndani kikapanda kikakataa kushuka. Natazama tunduni, giza totoro. Miaka yote hiyo, ikachagua siku ile!

Nikaipeleka kwa mafundi nikiwa tayari nimeshaitukana vya kutosha. Kijana wa mapokezi hata hakuigusa. "Mzee, hizi siku hizi ni za makumbusho. Chukua isiyo na kioo upumzike." Shikamoo yenyewe hakunipa.

Niseme kweli, hakudanganya sana. Tangu 2018 Canon na Nikon wameelekeza nguvu kwenye hizo zisizo na kioo, na kitu kinachopanda na kushuka kila ukibofya lazima siku moja kichoke. Lakini hivyo ndivyo mtu anavyoambiwa?

Nyuma yangu alisimama binti wa umri wa mjukuu wangu, shingoni ana kamera kama yangu, kainunua mkononi mwa mtu. Mimi nilidhani tumebaki wazee tu, tuliozoea filamu kisha tukahamia kwenye DSLR Canon walipotoa kamera yao ya 300D mwaka 2003 na bei ikaanza kushikika. Kumbe vijana wanazitafuta! Anasema amechoka kutazama dunia kwenye skrini. Tunduni anaona mwanga wenyewe, na betri inamvusha siku nzima.

"Babu, betri umeijaza?"

Nimeijaza, nikamwambia. Nadhani nimeijaza. Akachomoa yake, akaichomeka kwangu. Kla! Kioo kikashuka.

Aibu niliyopata sitaieleza. Kwa hiyo yale matusi kwa kamera nayafuta, betri ilikuwa hoi na mwenyewe nilikuwa sijaikagua. Ya kijana wa mapokezi siyafuti. Fundi gani anahukumu mgonjwa bila kumpima? Sirudi pale. Labda kwa kusafisha kihisi tu, kile kinachonasa picha ndani ya kamera, maana hiyo kazi kwa kweli wanaiweza.

Nilipokuwa nafunga begi, yule kijana wa mapokezi akaiona lenzi yangu ya enzi za filamu, ambayo bado inakaa vizuri tu kwenye kamera hii. Akasimama wima.

"Shikamoo mzee. Hiyo lenzi unaiuza?"