TAHADHARI: Nembo za hariri za "enzi ya Qing" zinazouzwa kutoka London

Ndugu zangu mnaokusanya darizi za kale za Kichina, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anayedai yuko London, anauza nembo za cheo za maofisa wa enzi ya Qing (ukoo wa mwisho wa wafalme wa Uchina), zile za mraba walizoshonewa kifuani na mgongoni. Kila mteja humpa hadithi ileile: babu alikuwa mmisionari Uchina, nyumba inauzwa, mzigo uondoke wiki hii. Mwenzetu mmoja ameshalizwa, na alicholetewa nimekishika kwa mikono yangu.

Picha alizoonyeshwa zilikuwa za kitu halali kabisa: korongo wa ofisa wa kiraia wa daraja la kwanza, mabawa wazi, kalielekea jua. Picha za namna hiyo haziadimiki. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliachia picha zake nyingi mwaka 2017, yeyote azitumie bure.

Kilichofika ni kazi ya mashine. Kigeuzeni muone: nyuma kote ni uzi mmoja mweupe, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Kazi ya mkono nyuma ina vifundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua, na rangi zake huwa mbichi kuliko za mbele kwa sababu hazikupigwa na mwanga. Halafu dhahabu. Uzi wa dhahabu wa kale ni ukanda wa karatasi iliyopakwa dhahabu, uliozungushwa kwenye uzi wa hariri. Hulazwa juu ya kitambaa na kubanwa kwa mishono midogo, haupitishwi chini na juu kama uzi wa kawaida. Huu wa kwake ni utepe wa plastiki unaotokeza hadi nyuma. Tulichomoa uzi mmoja wa pindoni tukauchoma: uliyeyuka ukawa kidonge kigumu. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Ule ukahawia wa "uzee" ni rangi ya kuchovya, umeenea sawasawa hadi ndani ya pindo, mahali ambapo jua halikufika kamwe.

Anauza pia "jozi iliyovuliwa kwenye joho", vipande vyote viwili vizima. Joho la ofisa wa Qing lilifunguka mbele, kwa hiyo nembo ya kifuani ilikatwa katikati. Jozi nzima iliyovaliwa itoke wapi?

Jina la akaunti hubadilika, hadithi na picha habadilishi. Mwambieni apige picha ya upande wa nyuma, pembeni kaweka karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenzetu alipoomba hivyo, alijibiwa kwa matusi. Na akitaka mlipe PayPal kama mnatumiana ndugu na marafiki, msilipe. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Aliyekwisha kulipa kwa kadi apige simu benki leo apinge malipo, na bahasha iliyoleta mzigo asiitupe: yetu haikuwa na muhuri wa Uingereza.